Migono Tisa ya Fisi Maji

Mto Kuja hutoka milima ya Kisii, hukata mashamba ya miwa, huporomoka pale Gogo, hupokea maji ya ndugu yake Mto Migori, na mwishowe huingia Ziwa Viktoria upande wa Nyatike. Pale mdomoni, penye mafunjo marefu kuliko mtu, wanyama na ndege wa ukanda wa ziwa walikuwa na chuo chao cha uvuvi. Kila mwaka vijana waliofuzu shule za vijijini walikusanyika hapo kutoka Karungu, Muhuru, Mbita, Kendu Bay na bonde la Lambwe, kila mmoja na kifurushi chake na baraka za kwao.

Masomo ya chuo hicho yalikuwa migono. Mgono ni kapu refu la matete, pana mdomoni, lenye koo jembamba ndani. Samaki akishapita koo hilo hajui tena njia ya kutokea. Kila mgono ulikuwa na samaki wake na elimu yake. Wa ningu uliwekwa penye mkondo, kwa kuwa ningu hupanda mto mvua zikianza. Wa ngege ulifichwa kwenye matete, wa kambare ulizamishwa topeni, na wa fulu ulibanwa kati ya mawe. Aliyeweka mgono wa ngege mahali pa ningu alikuta maji matupu.

Sheria zilikuwa chache na kila mtu alizijua. Mgono lazima uvuliwe kila alfajiri, maana samaki akikutwa na jua huoza, na aliyeoza hahesabiwi. Hesabu zilikuwa mbili: ya katikati ya msimu ilibeba alama 30, ya mwisho ikabeba 70. Asiyefikisha 40 katika mgono wowote aliurudia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipewa migono 6. Mwenye sababu aliweza kuomba apunguziwe, na mwenye hamu aliweza kuongeza hadi 9. Hadi wiki ya tatu iishe, mgono uliweza kurudishwa na jina likafutwa bila deni. Baada ya hapo, ulioandikwa ulikuwa wako, ujae au uoze.

Msimu ulifunguliwa mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Mto ulikuwa umelala. Ungeweza kuuvuka na maji yasifike magotini, na kokoto zilionekana chini kama zimeoshwa na kupangwa. Mzee Kiboko, msajili wa chuo, alikaa chini ya mkuyu na daftari kubwa mbele yake. Wanafunzi walipanga foleni.

Fisi Maji alikuwa wa nne. Alitoka Muhuru, mtoto wa kwanza wa ukoo wake kufika chuoni. Kabla hajaondoka nyumbani, wazee waliitisha mchango. Hakuna aliyekuwa na cha maana, kwa hiyo kila nyumba ilileta fungu la matete ya kusukia migono. Hata bibi yake, ambaye miguu ilikuwa imemkataa, alikata fungu lake akiwa amekaa. Mafungu yalikuwa 9. Njia nzima kutoka Muhuru Fisi Maji aliyabeba mgongoni, na kila alipopumzika aliyahesabu tena.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Sungura, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyekuja kusalimia wageni.

"Omera, ndugu yangu," alisema Sungura, "wewe unaonekana una kichwa. Usije ukaandika sita kama watoto wengine. Andika tisa. Mimi mwaka wa kwanza nilibeba tisa na nikapata muda wa kucheza mpira. Ukibeba tisa unamaliza misimu minne kwa misimu mitatu. Wenzako wakiwa bado wanasoma, wewe unaajiriwa."

Fisi Maji hakuhitaji kushawishiwa sana. Tangu Muhuru alikuwa akiyafikiria yale mafungu. Aliona kwamba kuacha hata fungu moja bila kulisuka ni kulitupa jasho la nyumba moja. Tena alikuwa amepiga hesabu: kuvua mgono mmoja ni robo saa; tisa ni saa mbili na robo; alfajiri inatosha na kubaki.

Aliyefuata alikuwa Mdiria, ndege mdogo wa buluu kutoka ufuo wa Homa Bay. Kwenye shule yao alikuwa wa kwanza miaka yote, na naye alikuja na nia ya tisa. Nyuma yake alikuwepo Mama Mnandi wa Rusinga, mwenye makinda matatu kiotani. Baada yake alikuja Kenge, aliyetembea polepole akitafuta mahali penye jua.

Pembeni ya mkuyu, juu ya jiwe, alikaa Fundichuma, mwalimu mlezi wa mwaka wa kwanza. Anayemjua fundichuma anajua kiota chake: mlima wa vijiti kwenye panda ya mti, kiota ambacho mtu mzima anaweza kusimama juu yake kisibomoke. Hubeba kijiti kimoja kimoja kwa wiki nyingi. Kwa sababu hiyo wanafunzi walimheshimu, ingawa wengi hawakumwendea kwa ushauri mpaka mambo yameharibika.

"Njooni kwanza kwangu kabla ya kwenda kwa Mzee Kiboko," aliwaambia.

Fisi Maji alimweleza hesabu yake. Fundichuma alimsikiliza hadi mwisho.

"Hesabu yako ni sawa, mwanangu," alisema. "Umehesabu kuvua. Sasa nihesabie kutembea. Kutoka mkondo wa ningu hadi matete ya ngege ni mwendo gani?"

"Nusu saa, Mwalimu."

"Na kutoka hapo hadi topeni kwa kambare?"

Fisi Maji alinyamaza.

"Nihesabie na kushona. Mgono hutoboka. Unalala saa ngapi? Nani anakupikia? Ukiugua homa, nani anakuvulia?"

"Mwalimu, mimi ni mzima. Na mto si mnauona? Umetulia."

Fundichuma aligeuka akatazama upande wa Kisii, ambako vilima vilionekana kwa mbali sana.

"Mto huu hautulii wala kuchafuka kwa mambo ya hapa," alisema. "Hapa Nyatike jua linaweza kuwaka wiki nzima, na wewe usione wingu hata moja, kumbe kule juu kumenyesha siku nne. Maji hayo yakifika, hayakuulizi kama ulikuwa umejiandaa. Pima mzigo wako kwa wiki ile, usiupime kwa wiki hii."

Fisi Maji aliitikia kwa adabu, akaenda kwa Mzee Kiboko, akaandikisha migono 9. Mzee Kiboko alipiga muhuri bila kuinua macho. Kazi yake ilikuwa kuandika, na daftari lake halikuwa na safu ya kuuliza mtu ana nguvu kiasi gani. Kazi nzima ilichukua muda wa kumeza mate.

Mdiria alikaa na Fundichuma hadi jioni. Alitaka tisa, lakini maneno ya kutembea yalimwingia. Siku iliyofuata alizunguka mdomo wote wa mto bila mgono hata mmoja, akapima mwendo, akarudi akaandika 6. Mama Mnandi aliandika 3 na kueleza sababu yake: makinda matatu, baba yao hayupo. Baadhi ya vijana kwenye foleni walicheka. Hakuwajibu. Kenge naye aliandika 3, akasema tu kwamba inatosha.

Wiki za kwanza zilikuwa za Fisi Maji. Chuo kizima kilimzungumzia. Alfajiri alikuwa wa kwanza majini na wa mwisho kutoka, na samaki wake walijaa matenga mawili. Sungura alimpiga begani mbele za watu. Barua aliyotuma Muhuru ilisema: "Nimebeba yote tisa."

Wiki ya pili mgono wa fulu ulikwaruzwa na jiwe. Kutengeneza mgono si kazi ya kukimbia. Unautoa majini, unauacha ujikaushe, unaondoa matete yaliyovunjika moja moja bila kulegeza yaliyo mazima. Kisha unaloweka matete mapya mpaka yakubali kupinda, na unaanza kulisuka koo upya kutoka ndani, kidole kikipita mahali ambapo jicho halifiki. Koo likiwa pana, samaki hutoka. Likiwa jembamba, haingii. Fundi mzuri hutumia nusu siku. Fisi Maji hakuwa na nusu siku. Aliziba tundu kwa fungu la nyasi, akaurudisha mtoni.

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu Fundichuma alipita kwenye kibanda chake.

"Kesho mlango wa kurudisha unafungwa," alisema. "Rudisha miwili au mitatu. Hakuna atakayekudai."

Fisi Maji alitazama migono yake, na katika kila mmoja aliona nyumba ya Muhuru iliyokata matete yake. Angerudisha wa nani? Wa mjomba? Wa jirani mjane? Wa bibi?

"Nitaweza, Mwalimu," alijibu. Mlango ukafungwa.

Wiki ya tano upepo uligeuka, na magugumaji yakasukumwa kutoka ziwani. Yaliingia mdomoni mwa mto kama mkeka wa kijani, yakafunika maji, yakang'ang'ania kila kilichosimama. Sasa kila mgono ulihitaji kusafishwa kabla ya kuvuliwa, na ile robo saa ikawa nusu saa. Fisi Maji alianza kuamka usiku wa manane. Halafu akaanza kuruka: leo hatavua wa kambare, kesho hatavua wa ngege. Samaki wa jana walioza juu ya samaki wa leo. Hesabu ya katikati ya msimu ilipofika, alikuwa na alama nzuri kwenye migono miwili tu. Hakumwambia mtu. Barua aliyotuma Muhuru ilisema tena: "Bado nimebeba yote."

Wakati huohuo Mdiria alikuwa na migono sita na saa moja ya ziada kila asubuhi. Saa hiyo hakuilalia. Aliketi juu ya tawi akausoma mto. Aliona mahali ambapo ukingo ulikuwa umebomoka mwaka uliopita, na alama ya tope kwenye vigogo ikionyesha maji yalifika wapi. Mchana mmoja kwa wiki alikwenda kwa Mama Mnandi kujifunza kupiga mbizi, na kwa malipo alimlindia makinda. Mgono wake mmoja ulipotoboka, aliusuka upya nusu siku nzima, na tangu hapo mikono yake ikawa inajua kazi.

Kenge alikuwa amelala juu ya mwamba. Migono yake mitatu ilikuwa karibu na mwamba huo, na muda uliobaki aliota jua. Mzigo wake ulikuwa sawa na wa Mama Mnandi, lakini mmoja alikuwa amepunguza ili aweze, na mwingine alikuwa amepunguza ili asihangaike. Kwenye daftari la Mzee Kiboko walionekana sawa.

Wiki ya kumi, mwezi wa Aprili ukiwa umeanza, anga ya Nyatike ilikuwa nyeupe kabisa. Alfajiri moja Mdiria aliona maji yamebadilika rangi. Yalikuwa na wekundu wa udongo wa Kisii, na juu yake majani ya migomba, migomba isiyokuwepo popote karibu na hapo. Alipiga kelele. Kisha akaruka kwenye migono yake, akaitoa mmoja baada ya mwingine, akaipandisha juu ya ile alama ya tope. Sita inahamishika asubuhi moja. Alipomaliza alikwenda kumsaidia Mama Mnandi na mitatu yake.

Fisi Maji alisikia kelele akiwa katikati, kati ya mkondo na matete, na migono mitatu tu ikiwa imevuliwa. Alikimbilia wa ningu, akaushika, maji yakamzidi akauachia. Akarudi kwa ngege, matete yenyewe yalikuwa yamelala. Alikimbia huku na huku hadi mchana. Shida yake haikuwa uvivu wala ujinga. Alijua kila mgono uko wapi na unatolewa vipi. Alikosa mikono ya kuwa mahali tisa kwa wakati mmoja. Jioni maji yalipofika kwenye mizizi ya mkuyu, alikuwa ameokoa minne, na katika hiyo minne miwili ilikuwa na matundu yaliyozibwa kwa nyasi.

Ya Kenge ilikwenda yote. Alikuwa amelala.

Mwisho wa msimu Mzee Kiboko alisoma daftari. Mdiria alipita yote sita. Mama Mnandi alipita yote mitatu kwa alama za juu kuliko mtu yeyote chuoni. Fisi Maji alipita miwili, akatakiwa kurudia saba. Yule aliyetaka kumaliza misimu minne kwa mitatu sasa alidaiwa zaidi ya msimu mzima.

Usiku ule Sungura alikuja kibandani kwake, safari hii bila kelele.

"Omera, nikuambie kweli," alisema. "Mwaka wa kwanza niliandika tisa, ndiyo. Nilipita mitatu. Sikutaka kuwa peke yangu."

Fisi Maji hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alfajiri alikwenda kwa Fundichuma, akakaa chini ya jiwe lake, kichwa kimeinama.

"Sitakuambia nilikuonya," alisema Fundichuma. "Onyo halivui samaki. Niambie jambo moja: ulimwogopa nani?"

"Nyumbani," alijibu Fisi Maji. "Walinipa mafungu tisa."

"Basi nenda nyumbani ukaulize."

Safari ya Muhuru ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Alifika jioni, wazee wakamzunguka, na akasema yote bila kuficha: tisa, magugu, mafuriko, miwili. Palikuwa kimya. Mjomba alikohoa. Kisha bibi yake, aliyekuwa amekaa palepale alipokatia matete, akanyoosha mkono akamshika kidevu.

"Mjukuu wangu," alisema, "tulikupa mafungu tisa kwa sababu nyumba zetu ni tisa. Zingekuwa nne, tungekupa manne. Nani alikuambia uyasuke yote msimu mmoja? Matete makavu hayaozi. Yangekungoja."

Hakuna aliyeongeza neno, kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza. Ukoo ule ulimtaka amalize. Haraka alikuwa amejitungia mwenyewe, akawabebesha wao.

Msimu uliofuata Fisi Maji aliandika migono 5, yote ya kurudia. Baadhi ya waliomsifu mwanzo walimpita njiani bila kumsalimia. Alilala mapema, alishona uliotoboka, na magugu yalipokuja aliyasafisha bila kuruka siku. Alipita yote mitano. Uliofuata aliandika miwili iliyobaki na minne mipya. Alimaliza chuo misimu miwili nyuma ya Mdiria na msimu mmoja mbele ya Mama Mnandi, na wote watatu ni wavuvi hadi leo. Kenge yuko juu ya mwamba.

Hekaya yangu inaishia hapo, lakini waliotajwa ndani yake wako hai, na nataka kusema nao moja kwa moja.

Mdomo wa Kuja sasa uko jirani na vyuo vikuu vya kweli. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2016. Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichokuwa chini ya Maseno hadi kilipopata hati yake mwaka 2022, na kinaitwa kwa jina la mtu mwenye asili ya Rusinga ambaye mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Wazazi wa wakati ule waliuza ng'ombe na kuitisha michango ili mtoto mmoja aruke. Wazazi wa leo bado wanafanya hivyo ili mtoto apande matatu kutoka Ndhiwa au Kuria hadi geti la chuo. Mafungu ya matete ni kitu halisi katika nchi hii, na uzito wake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anausikia mgongoni.

Wapo watakaosema kwamba kwetu mwanafunzi hachagui mzigo, idara humpangia yuniti zake. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mtazame mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi wa Oktoba. Ana yuniti saba alizopangiwa. Jioni amejiandikisha kozi ya uhasibu, CPA ya KASNEB, mjini. Wikendi anauza mitumba. Ameongeza cheti cha kompyuta kwa sababu mwenzake wa chumba anacho, na ni katibu wa chama cha wanafunzi wa kwao. Yuniti saba alipewa. Mizigo minne iliyobaki aliiomba mwenyewe.

Tupige hesabu ambayo Fisi Maji hakuipiga. Yuniti moja kwa kawaida ni saa 3 za darasani kwa wiki. Saba ni saa 21. Kila saa ya darasani inataka angalau saa moja ya kusoma peke yako, kwa hiyo umefika 42. Hiyo ni wiki nzima ya kazi ya mtu aliyeajiriwa, na bado hujafua, hujapika, hujasimama kwenye foleni ya maktaba, hujapanda bodaboda. CPA ukiongeza jioni nne za saa tatu, hizo ni 12 nyingine bila kuhesabu kujisomea. Hapa hakuna mwalimu anayemwonea mtu. Ni saa tu, na saa hazina huruma zaidi kwa mwenye akili kuliko kwa asiye nayo.

Halafu kuna mafuriko. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, na wiki moja kitandani ni jambo la kawaida. Kuna mkopo wa HELB unaoweza kuchelewa ukalala njaa. Kuna simu ya usiku inayosema mzee amefariki, na kwetu matanga si ya siku moja. Mtoto wa kwanza hawezi kukosa. Mambo haya hayatokei chuoni. Huanzia juu, nyumbani, ambako wewe huoni mawingu, na hufika wiki ileile ya majaribio ya CAT. Anayepanga mzigo wake akidhani atakuwa mzima, ana pesa na hana msiba kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, anapangia mto wa Januari.

Nasema haya bila kumsifu Kenge. Kuna kijana anayepunguza mzigo ili alale, na msimu unampita kama ulivyompita aliyezidiwa. Nafasi unayojiachia lazima ipewe kazi: kusoma somo gumu hadi likae, kujua maktaba, kumjua mhadhiri kabla hujamhitaji. Na kuna mama mwenye watoto, au kijana anayelea wadogo zake, anayechukua nusu ya mzigo na kumaliza miaka miwili nyuma ya wenzake. Huyo asichekwe na mtu. Amesoma mto wake vizuri kuliko wengi wetu.

Kwenu wazazi na wazee mliotoa mchango: mwambieni mtoto wazi kwamba mnataka amalize, na kwamba hamkumwekea saa. Mtoto asiyeambiwa hivyo atajitungia agizo lenu, na siku zote atalitunga kali kuliko mlivyokusudia.

Kwenu mlio mwaka wa tatu na wa nne: mgeni akikuuliza ulibeba ngapi, mwambie pia ulipita ngapi.

Na wewe unayeripoti Rongo au Homa Bay mwaka huu: kabla ya kuongeza chochote juu ya yuniti ulizopangiwa, andika kwenye karatasi saa za wiki yako mbaya kabisa, yenye homa, yenye safari ya nyumbani na yenye mtihani. Kinachoenea kwenye wiki hiyo ndicho chako. Kisichoenea, kiache hadi muhula mwingine, kitakungoja. Ukiwa umeshaandika zaidi ya unachoweza, nenda kwa mshauri wako wa masomo sasa, wiki hizi za mwanzo, wakati jina bado linafutika bila deni.